Kabla Hujapigilia Bango Jangwani

Faida, mama yangu,

Umeacha lituma yako ya ndizi kwenye sahani na kwenda kulala bila kuniaga. Mama yako ameifunika, akanitazama kama mbwa aliyeiba kuku wa jirani, kisha naye akafunga mlango. Basi nimebaki na meza na taa ya betri, maana umeme umekatika tena. Sitaki kujifanya nimelainika. Nilipoiita kazi yako takataka nilimaanisha, na kesho asubuhi nitakuwa bado namaanisha. Ninachojutia ni kukutupia neno hilo bila maelezo, jioni yako ya mwisho nyumbani, ukiwa umeshika simu kwa furaha unanionyesha picha. Maelezo ndiyo haya.

Habari za pasipoti, dawa ya malaria na sweta ya ndegeni sizigusi. Mama yako ameshazisema, na kesho kule uwanja wa ndege wa Bangboka atazisema tena mbele ya watu wote.

Nianze na hiyo picha. Bango la chuma, ndege mmoja amechorwa, maandishi ya Kifaransa na Kiarabu, na chini yake nembo za wafadhili, kubwa kuliko ndege mwenyewe. Ukasema, "Papa, angalia, rangi yake haiharibikake na jua. Njo kazi yangu ya kwanza kule. Tutaweka ku mabwawa yote mbele kiangazi ifike." Nikauliza wazo hilo mmelitoa wapi. Ukacheka. "Si kwako, Papa! Walitufundishaka mu cours, mfano ya mabango ya Yanonge. Nikanyoosha mukono, nikasema, ule wa ku photo njo papa yangu."

Hapo ndipo niliposukuma sahani. Umefikiri nimekudharau wewe. La hasha. Ni mara ya kwanza kusikia kwamba ujinga wangu unafundishwa chuo kikuu, tena na mwanangu akiwa ameketi safu ya mbele akijivuna.

Kwa jinsi ulivyonieleza, unakokwenda kuna mto ambao huwa na maji miezi michache tu ya mwaka. Mvua zikiisha, mto unakatika na kubakiza mabwawa machache kwenye mchanga, yenye matete na mikoma pembeni. Ndege wanaotoka mbali hutua hapo kwa sababu hakuna pengine pa kutua. Swala huja kunywa hapo, na ng'ombe na ngamia wa wafugaji huja hapo hapo. Bwawa likifa, hakuna la pili. Hapa kwetu mtu anaweza kuharibu kijito na mto mkubwa ukaendelea kupita na kumfichia aibu yake, kama ulivyonifichia mimi. Huko hakuna wa kukufichia. Ndiyo maana nakuandikia leo, nisije nikakuandikia mwakani.

Unajua nilikuwa mtumishi wa mazingira, na kwamba nilitoka Maniema nikiwa kijana nikaoa kwa watu wa mto. Ulichojua zaidi ya hapo ni ile picha ya sebuleni, mimi na kofia ya mradi na bango jekundu nyuma yangu. Umeikuta ukutani tangu ulipoanza kutambaa. Hukuwahi kuuliza nini kiko nyuma ya bango, na mimi sikuwa na haraka ya kukuambia.

Nyuma ya bango kilikuwa kijito cha Mama Bolaya, chini kidogo ya Yanonge. Usimfikirie bibi mtakatifu mwenye mvi na hekima. Alikuwa mgomvi, mvuta tumbaku, mwenye mdomo ambao wanaume wazima waliuogopa kuliko polisi. Maji yalipopanda na kuingia msituni, ngolo, wale kambare wetu, nao waliingia kutaga mayai kwenye mizizi. Siku hiyo ukoo wake ulifunga kijito. Na kufunga kwenyewe kulikuwa hivi tu: walipasua makuti mawili ya mchikichi, wakayafunga yakakingama kwenye mlango wa kijito, na yeye akasimama kwenye mtumbwi akayataja kwa sauti majina ya nyumba zote za pale, moja moja, na kila nyumba ikajibu kutoka ukingoni. Nyumba isiyojibu ilifuatwa mpaka ijibu. Kuanzia hapo hakuna nyavu, hakuna ndoana, hakuna hata kuoga kwa kelele. Maji yakishuka, makuti yanafunguliwa, na samaki wa kwanza wanaliwa na wote waliojibu.

Ndani humo, mwanangu, niliona fisi maji wakicheza na watoto wao. Niliona mbuli, yule swala wa matopeni, amezama mpaka shingoni akinitazama bila hofu. Yangeyange walijaa kwenye matawi mpaka mti ulionekana umechanua. Mama yako alinipeleka kwa mara ya kwanza tulipokuwa wachumba, akaniambia nifunge mdomo. Bila shaka hilo lilikuwa gumu kwangu hata wakati ule.

Kisha ukaja mradi. Sitautaja jina kwa sababu umeshakufa na jina lake halina kazi. Alikuja Directeur, mkubwa wetu, amevaa gilet, kile kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu alivyokuwa navyo vya kutia. Alikuwa mtu wa kupenda ndege kweli, hilo sitamnyima. Angeweza kutoa machozi kwa ajili ya mdiria mmoja. Lakini watu waliokaa kando ya mdiria huyo aliwaita "la population", na alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi. Tukafanya semina mjini, tukanywa soda, tukapewa vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Nilikipenda changu. Nilipita nacho sokoni nikizunguka kwa njia ndefu ili wengi wakione.

Siku nilipompeleka kwenye kijito, maji yalikuwa yamepanda na makuti yamefungwa. Nilimweleza desturi yote. Akatazama, akainua kamera, akaishusha.

"Bon," akasema, "lakini hii iko majani tu. Mu photo haionekane. Bafadhili bataona nini?"

Nami nikacheka, Faida. Hakuna aliyenilazimisha. Mama Bolaya alikuwa kwenye mtumbwi pembeni yetu, anasikia, na mimi niliyekula ngolo wake na kuoa binti wa nduguye nilicheka pamoja na mtu mwenye gilet kwa sababu alikuwa na gilet. Makosa mengine yote niliyoyafanya pale yalitokana na kicheko hicho. Ningekuwa mpumbavu ningejisamehe. Nilikuwa najua nilichokuwa nakicheka.

Wakati wa maji machache tukaleta mabango. Mbao ngumu, rangi nyekundu, maandishi kwa Kifaransa, Lingala na Kiswahili: MARUFUKU KUVUA, MAHALI PA MAZALIO YA SAMAKI. Nilipigilia mwenyewe kwa mikono yangu, kila mlango wa kijito kuanzia kwa Mama Bolaya mpaka chini kabisa, na tukaning'iniza mengine kwenye miti inayoonekana kutoka mtoni. Nilijitahidi yaonekane kutoka mbali. Jambo hilo nalo lilisifiwa katika ripoti.

Maji yalipopanda tena nilikwenda kukagua. Makuti hayakuwapo. Nikamkuta Mama Bolaya kwenye baraza yake anavuta tumbaku, nikamuuliza kwa nini hawajafunga.

"Tufunge nini, Papa?" akasema. "Si wewe ulishafunga? Na misumari."

"Lakini Mama, desturi yenu..."

"Desturi iko majani tu. Minasikiaka muzuri, siko kiziwi. Sasa kijito iko ya État. Bon, État akuje alinde."

État, yaani Serikali, ni mimi, Faida. Mtu mmoja anayekaa Mangobo, hapa Kisangani, mwenye pikipiki ambayo mara nyingi haikuwa na mafuta, anayeshuka Yanonge wakati mradi umekumbuka kumpa nafasi kwenye mtumbwi wa motor. Zamani kijito kile kililindwa na macho ya kila nyumba iliyoitikia jina lake. Jirani alimlinda jirani kwa sababu alitaka sehemu yake ya samaki wa kwanza, na kwa sababu hakutaka kutukanwa na Mama Bolaya mbele ya mashemeji. Wema haukuhusika sana. Sisi tukaja na mradi wa kuwafundisha wema, tukaondoa ule uangalizi, na wema wenyewe hatukuufikisha.

Na usidhani wenyeji walikaa wakalia. Wa kwanza kutia chandarua kwenye kijito walikuwa wana wa Mama Bolaya, wa tumboni mwake. Vyandarua vipya kabisa, vya kuzuia mbu, vilivyogawiwa bure. Walivuta mpaka vifaranga vya samaki vidogo kama kucha, wakavianika juani. Nilipowakemea wakanijibu kwa adabu sana kwamba wanasubiri mlinzi aje. Nawadharau mpaka leo. Lakini nikiwadharau wao tu nitakuwa mwongo, kwa hiyo najiweka wa kwanza kwenye foleni.

Subiri, sijafika kwenye ubaya wenyewe. Wanunuzi wa samaki wa Kisangani na wa chini ya mto hawakuwahi kujua vijito hivyo. Kwa mtu anayepita na baleinière, boti kubwa la mbao, ukingo wa mto ni majani matupu kutoka asubuhi hadi jioni. Mwaka ule walianza kusimama. Nikamkuta mmoja, bwana mnene mwenye masanduku ya barafu, amefunga baleinière yake kwenye nguzo ya bango langu, vijana wake wako ndani ya kijito mpaka kiunoni. Nilimfokea. Hakukasirika hata kidogo. Akanishika bega kama ndugu.

"Chef, ni wewe uliweka haya mapanneaux? Aksanti sana. Zamani tulikuwa tunatafuta samaki. Sasa tunasoma tu."

Kama unataka kujua kwa nini baba yako ana mdomo mchungu, ni kwa sababu ya yule bwana. Alinishukuru kwa moyo mweupe. Aliniachia na ngolo wawili ndani ya majani, na mimi, ambaye leo usiku nakuhubiria, niliwaleta nyumbani tukawala.

Ndani ya misimu michache hapakuwa tena na samaki wa kumkataza mtu kuwavua. Miti ya pembeni ilikatwa kuni za kukaushia samaki, maana wanunuzi walitaka wakavu pia. Yangeyange walihama. Mbuli aliliwa. Fisi maji wa mwisho niliyemwona alikuwa ngozi, imetandazwa ukutani Yanonge, inauzwa. Na mabango yenyewe yalikuwa mbao nzuri, watu hawakuyaacha yaoze. Nyumba moja walilifanya bango moja mlango wa choo, maandishi yakiwa upande wa nje: marufuku. Nilipokuwa pale nilishikwa na haja, nikaingia, nikakaa nyuma ya kazi yangu ya maisha. Hiyo unaruhusiwa kucheka.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mama yako anaijua na wewe huijui. Mradi ulipofungwa walifanya mkutano mkubwa hapa mjini, kwenye hoteli, mapazia yamefungwa ili picha zionekane ukutani. Directeur akaniita mbele nieleze habari za mabango. Kijito kilikuwa kimeshakufa. Nilikuwa nimetoka kukiona wiki hiyo. Nikasimama na zile picha za mwanzo, mabango mekundu yanang'aa, maji nyuma yake, nikasema kila kitu kilichotakiwa kusemwa. Nilisema "mafanikio". Nilisema "ushirikishwaji wa wenyeji". Nilipomaliza walisimama wakapiga makofi, na jasho lilinitoka kwa furaha. Furaha, Faida, si aibu. Aibu ilikuja baadaye, nikiwa njiani kurudi nyumbani, na hata hapo ilikuja polepole, kwa sababu nilikuwa na kofia mpya.

Bila shaka picha hizo ndizo zilizofika darasani kwenu. Na watu wale wale, au ndugu zao wa gilet, sasa wanayapeleka mabango kwenye jangwa, mahali ambapo bango litaonekana kutoka mbali kuliko hata pale mtoni. Kwenye nchi tambarare ya mchanga mnataka kusimamisha chuma kirefu chenye picha ya ndege, kumwonyesha kila mwenye bunduki na kila mwenye lori la kuchota maji kwamba hapa, hapa hasa, ndipo swala wanapokuja kunywa. Kwa rangi isiyoharibika na jua. Nisukume sahani au nisisukume?

Mimi jangwa silijui. Mchanga ninaoujua ni ule unaojitokeza katikati ya mto wakati wa maji machache, na hata huo watu wanalima karanga juu yake. Siwezi kukuambia bwawa la wafugaji linafungwaje. Labda kwa jiwe, labda kwa kamba ya ngamia, labda kwa mzee mmoja msumbufu ambaye kila mtu anamwogopa. Labda halifungwi kabisa na mimi nimekaa hapa napiga kelele bure. Lakini watu wamekuwa wakija kwenye maji hayo na mifugo yao miaka na miaka, na ndege bado wapo. Kuna kitu kinachofanya wasimalizane. Mtu anayefika na lori la mabango bila kujua kitu hicho ni nini ni adui wa bwawa, hata akilia machozi kwa ajili ya kila ndege aliyemo.

Ukiwauliza siku ya kwanza, watakuambia hakuna desturi yoyote. Watasema wanangojea mradi. Mama Bolaya naye angemwambia hivyo mgeni yeyote mwenye kitambulisho shingoni. Chako kivue. Kaa nao, kunywa hayo maziwa ya ngamia hata kama tumbo litakataa, tukanwa kidogo. Wewe ni mtoto wa mama yako, unajua kunyamaza, hukurithi kwangu. Na ukishaonyeshwa, hata kama ni kitu cha kijinga machoni mwako, hata kama hakionekani kwenye picha, usicheke. Ukimsikia mkubwa wako anacheka, mwache acheke peke yake.

Watakukasirikia. Mabango yatakuwa yamekaa kwenye bohari na msimu unapita, na kwenye mkutano mtu ataomba picha. Hapo utajiona mpumbavu, umesoma miaka yote hiyo, umevuka nchi na nchi ili ukae mchangani bila kuwa na kitu cha kuonyesha. Mimi sikuweza kukaa na hali hiyo hata siku moja. Nilitaka kuonekana ninafanya kazi, nikaonekana.

Mwaka jana nilishuka Yanonge kwa ajili ya matanga, nikamtembelea Mama Bolaya. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, mdomo ni ule ule. Nilikuwa nimejipanga. Nilimwambia nimestaafu, sina tena kitambulisho, naomba, wakati wa maji kupanda, wafunge tena kijito kwa makuti, na mimi nitakuwapo, nitapasua makuti mwenyewe.

"Makuti nitakupa," akasema. "Iko mingi. Lakini niite majina ya nani? Batoto baliondoka, bamoja Kisangani, bamoja Kinshasa. Nani atajibu?"

Nikanywa chai yake nikarudi zangu. Mto umejaa siku hizi, ukipita na mtumbwi pale utaona maji yanaingia msituni vizuri kabisa, yanakaa, yanatoka. Hakuna kitu kinachoingia nayo.

Ndiyo hayo, mama yangu. Kesho uwanjani patakuwa na watu wengi, tonton zako, wajomba na baba wadogo, watapiga picha, mama yako atalia, na mimi nitajifanya nashughulika na mizigo. Sitaweza kusema lolote la maana. Nitasema jangwani kuna baridi usiku, kitu ambacho nilikisikia redioni. Usinikasirikie kwa hilo pia.

Wenzangu watakuombea ufanikiwe. Mimi nilifanikiwa, unaona nilivyo. Nakuombea siku moja uniandikie kwamba wamekutoa kwenye mkutano kwa sababu huna picha hata moja ya kuonyesha, na kwamba ulipotoka nje ukaenda bwawani, ukawakuta ndege wamejaa.

Baba yako